Mchoro Dhahania Wenye Mparuzo: Akriliki Juu ya Karatasi

Anayeanza kuchora kwa akriliki, yaani rangi inayozimuliwa kwa maji na kukauka kama plastiki, mara nyingi hukimbilia rangi, ilhali katika mchoro dhahania (usioiga kitu halisi) wenye mparuzo, yaani uso wa miinuko na mikwaruzo, sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla kopo la rangi halijafunguliwa. Chagua karatasi nzito ya rangi za maji, isiyopungua gramu 300 kwa mita ya mraba, kwa sababu karatasi nyepesi hujikunja ikilowa. Paka jeso, yaani rangi nyeupe ya akriliki ya kutayarishia uso, upande wa nyuma kwanza, maana akriliki husinyaa inapokauka na kuivuta karatasi upande mmoja. Ikikauka, igeuze, ibandike kwenye ubao kwa utepe wa karatasi pande zote nne, kisha upake jeso upande wa mbele tabaka mbili nyembamba.

Mparuzo wenyewe hujengwa kwa modelingi pesti, yaani akriliki iliyotiwa unga wa mawe kama marumaru, au kwa jeli nzito ya akriliki, ambayo hubaki nyumbufu hata ikikauka. Mimi huchanganya viwili hivyo nusu kwa nusu, kwani pesti peke yake, ikiwa nene, huweza kupasuka karatasi inapopinda. Itandaze kwa kisu cha rangi, kwa unene usiozidi milimita 3, na ukitaka mwinuko zaidi uongeze tabaka jingine baada ya la kwanza kukauka hadi ndani. Ingali mbichi, ikwaruze kwa kitana, au igandamizie kipande cha gunia au cha mkeka na kukibandua papo hapo, au inyunyizie mchanga. Mchanga wa pwani sharti uoshwe mara kadhaa utoke chumvi, ukaushwe na kuchekechwa. Acha sehemu fulani zibaki laini kabisa, kwa kuwa jicho haliutambui mparuzo pasipo mahali tulivu pa kuulinganisha nao.

Hapa ndipo subira inapohitajika. Kwenye unyevu wa Mombasa au Unguja tabaka nene huweza kuhitaji zaidi ya siku nzima, na kulianika juani ili liwahi kukauka huufanya uso ugande huku ndani kungali kubichi, na nyufa hufuata. Liguse kwa nyuma ya kiganja: likiwa bado baridi, maji hayajaisha.

Kisha paka rangi nyepesi ya kivuli, kwa mfano hudhurungi iliyoiva, uliyoizimua kwa midiamu ya akriliki (akriliki isiyotiwa rangi) badala ya maji matupu, kwani maji mengi hudhoofisha kinachoishikiza rangi. Ifute mara moja kwa kitambaa chenye unyevu. Itabaki mabondeni na kuondoka vileleni. Ikikauka, chukua brashi iliyo karibu kavu, yenye rangi nyeupe au ya manjano kidogo sana, uipitishe juu ya miinuko pekee, mkono ukiwa mwepesi.

Bandua utepe taratibu, ukiuvuta kuelekea nje. Usilaze michoro uso kwa uso, maana akriliki hunatana hata ikiwa kavu. Tenganisha kila mmoja kwa karatasi ya kuokea keki.