Kuwavusha Kuku Majira ya Joto Kali Katika Jangwa la Oman

Katika miji ya bara ya Oman, kama vile Ibra na Bidiya, joto la mchana katika miezi ya Juni na Julai hupita nyuzi 45 mara nyingi. Mwili wa kuku mwenye afya una joto la nyuzi 41 hadi 42. Maana yake ni kwamba ifikapo adhuhuri hewa inayomzunguka kuku huwa ya moto kuliko mwili wake mwenyewe, naye hana tezi za jasho za kumpoza. Kilichobaki kwake ni kutweta, kuachanisha mabawa, na kupitisha damu nyingi kwenye upanga wa kichwani, ndevu na miguu. Hakuna mfugaji awezaye kulifukuza joto la jangwa. Anachoweza ni kumrahisishia kuku kulitoa joto lililokwisha kumwingia, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku na alfajiri, kabla jua halijapanda.

Nasisitiza usiku kwa sababu wengi huusahau. Mwezi Juni 2018, mji wa Quriyat ulio pwani ulipitisha saa 24 nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Usiku wa namna hiyo humfanya kuku aamke akiwa bado amebeba joto la jana, na hapo adhuhuri ya pili huwa hatari kuliko ya kwanza. Kwa hiyo banda la kulala lisiwe sanduku la mbao wala chumba cha matofali chenye tundu moja. Liwe na paa juu na wavu imara pande zote, wavu wa kuzuia mbweha na paka lakini usiozuia upepo, na vichanja viwe na nafasi ya kutosha ili kuku wasilale wakiwa wamebanana. Ikiwa banda limejaa, wapunguze mapema, mwezi Aprili au Mei, kabla joto halijakupunguzia lenyewe.

Sasa maji, ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo lote. Kuku anayetaga, ambaye siku za baridi hunywa kama robo lita, huweza kuhitaji mara mbili ya hapo siku za joto kali, lakini hatayanywa ikiwa ni ya moto. Kila aliyeishi Oman anajua kuwa bomba la kawaida hutoa maji ya moto mwezi Julai, kwa kuwa tangi liko juu ya paa na mipira imelala juani. Mwaka wangu wa kwanza nilijaza vyombo asubuhi, nikavikuta bado vimejaa saa saba mchana, nikafarijika nikidhani maji yametosha, kumbe kuku walikuwa wameyakataa, na jioni hiyo nilizika majike manne. Tangu siku hiyo sitazami tu kama maji yapo; natia mkono ndani. Tangi la kuku liwekwe chini ya kivuli na kufunikwa kwa magunia au kupakwa rangi nyeupe, na bomba lifukiwe ardhini. Mtungi wa udongo usiotiwa rangi ya kung'aa hupoza maji vizuri katika hewa kavu ya bara, kwa kuwa maji yanayopenya kwenye ngozi yake hukauka na kuondoka na joto. Chupa za maji zilizogandishwa usiku, zikitumbukizwa kwenye vyombo mnamo saa tano asubuhi, huwavusha kuku saa zile mbaya zaidi. Weka vyombo vingi, vyote kivulini, kwa maana kuku aliyechoka hatavuka jua kufuata maji. Chumvi za kurejesha maji mwilini, zinazouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo, zitolewe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na pembeni pasikosekane chombo cha maji matupu.

Kivuli bora ni cha mitende, kwani mti wenyewe hupoza hewa iliyo chini yake. Pasipo na mitende, ukuta na paa la makuti ya mtende, yaani barasti kama tunavyoita huku, hupitisha upepo na haukusanyi joto. Paa la mabati matupu hugeuka kuwa tanuri. Ukilazimika kulitumia, lipake chokaa nyeupe, ulitandaze makuti juu yake, na uliinue juu vya kutosha. Banda refu lielekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige ncha zake fupi tu. Lowesha mchanga ulio kivulini, maana kuku watauchimba wenyewe na kulaza matumbo yao kwenye ubichi. Maranda ya sakafuni yawe membamba, kwa kuwa yakirundikana huchacha na kutoa joto.

Feni nayo ina masharti yake. Hewa ikiwa imepita joto la mwili wa kuku, feni peke yake inampulizia moto. Huwa na faida inapopuliza kupitia gunia bichi au ukungu wa maji. Mbinu hii hufaa Ibra na Bidiya, ambako hewa ni kavu. Maskati na pwani ya Batina, siku zenye unyevu mwingi, kunyunyiza maji bandani humzidishia kuku taabu, kwa sababu kutweta kwake kunategemea hewa inayoweza kupokea mvuke.

Chakula humpa kuku joto kinaposagwa tumboni, na joto hilo hupanda saa chache baada ya kula. Mlishe alfajiri na tena jua likikaribia kuzama, na uondoe chakula tangu saa nne asubuhi. Usishangae maganda ya mayai yakiwa mepesi, kwani kutweta kwingi hubadilisha damu na kupunguza kinachojenga ganda. Mayai yaokotwe mara tatu au nne kwa siku, kwani yenye mbegu huanza kujenga kifaranga katika joto hilo hata bila kuatamiwa. Wakati wa kununua kuku wapya, chagua wepesi kama Fayoumi wa Misri au kishingo, ambaye shingo yake isiyo na manyoya humtolea joto.

Kuku akilegea, akifumba macho, au akishindwa kusimama, mpeleke kivulini na uitumbukize miguu yake hadi chini ya tumbo katika maji ya baridi kiasi, si ya barafu. Mloweshe upanga na ndevu, kisha mdondoshee maji pembeni mwa mdomo matone machache bila kumlazimisha, yasije yakaingia kwenye pumzi.

Nawe mwenyewe umo katika joto hilohilo. Sheria ya Oman inazuia kazi za nje kuanzia saa sita unusu hadi saa tisa unusu mchana, mwezi Juni hadi Agosti, na ingawa imewekwa kwa ajili ya wafanyakazi, mfugaji aifuate nyumbani pake. Panga kila kitu kiwe tayari kabla ya saa hizo, ili ukilazimika kutoka iwe ni kwa dakika chache za kutazama maji. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka huku ngozi yake ikiwaka moto, mloweshe maji mwili mzima, mpepee, na apelekwe hospitali papo hapo.