Michezo ya sherehe ya korosho: adui ni foleni

Nilifundisha shule za msingi wilayani Masasi miaka thelathini na mmoja, na karibu yote nilikuwa mwalimu wa michezo, kwa sababu tu siku niliyoripoti nilikutwa na filimbi mfukoni. Sasa nimestaafu, filimbi haijastaafu. Kila mwaka mwishoni mwa mwezi wa kumi, malipo ya mnada wa kwanza wa korosho yakishaingia, mtaa wetu unafanya sherehe ya watoto chini ya miembe nyuma ya nyumba yangu, na michezo naachiwa mimi. Watoto huwa kati ya arobaini na sitini. Wakubwa wanaodai wamekuja kuangalia tu hawapungui ishirini.

Kinachoharibu sherehe nyingi ni foleni. Mtoto akisimama dakika kumi ili arushe mpira mara moja, akose, arudishwe nyuma, huyo hakucheza, alisubiri. Akichoka anaanza kumsukuma wa mbele yake, na hapo unasikia "watoto wa siku hizi hawana adabu". Adabu wanayo, kazi ndiyo hawana. Kwa hiyo kila mchezo naupima kwa swali moja: huyu anapocheza, wale wengine wanafanya nini? Jibu likiwa "wanatazama", naubadilisha au nautupa.

Anza saa tisa na nusu alasiri. Kabla ya hapo jua linapika kichwa, na majabali yanayouzunguka mji wetu yanarudisha joto kama tanuri. Saa kumi na mbili na kidogo jua linazama, kwa hiyo saa zako ni mbili na nusu, zisichezewe na hotuba. Mistari chora kwa majivu, yapo bure kila jikoni. Tafuta kamba ya katani mita kumi na tano, magunia manane, ndimu kumi, chupa tupu za maji, soksi kuukuu na korosho ghafi kama kilo mbili.

Korosho hizo ndizo mchezo wa kwanza, tena ndio ninaoupenda kuliko yote, maana tuliucheza sisi tukiwa wadogo huku tunalinda korosho zilizoanikwa. Panga korosho ishirini kwenye mstari, zisimame kwa kuegemezwa kwenye kifusi chembamba cha mchanga, kati ya moja na nyingine upana wa vidole viwili. Mchezaji anasimama hatua saba, ana korosho moja kubwa ya kurushia. Hiyo ya kurushia ichague vizuri: nzito, iliyokauka, ukiitikisa karibu na sikio isichezecheze ndani. Unairusha chini chini, mkono upite karibu na goti, si kutoka juu ya bega kama anayemfukuza nyani. Unayoiangusha ni yako. Mwisho wa siku korosho tano zinabadilishwa na kashata moja, na hapo utaona watoto waliokimbia hesabu darasani wakigawanya kwa tano bila kidole.

Kuondoa foleni, usipange mstari mmoja. Panga sita, kila mmoja na watoto wanne, wawili wanarusha na wawili wanasimamisha zilizoanguka, kisha wanabadilishana.

Onyo moja, na hili usilipite. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Korosho nzima iliyokauka haina shida mkononi, shida ni kuipasua au kuing'ata. Mwaka mmoja mpwa wangu, ambaye leo ni baba wa watu, aliamua kula ushindi wake palepale. Midomo ilivimba, ikabanduka, akawa anakunywa uji kwa mrija siku nne. Tangu hapo kabla ya filimbi natangaza: "Anayeweka korosho mdomoni amejitoa mchezoni." Wadogo wa chini ya miaka mitano nawapa vifuniko vya soda, walenge hivyo.

Baada ya hapo magunia. Mbio za magunia kila mtu anazijua, lakini wengi wanakosea gunia. Viroba vya nailoni vinateleza, mtoto anaanguka kifudifudi hatua ya pili. Chukua magunia ya juti yale ya korosho. Linaloingia kilo themanini za korosho linamtosha mtoto hadi kifuani, tena hata mtu mzima mwembamba. Na ukifika kwa jirani kuazima, uliza lilibeba nini. Niliwahi kuletewa mfuko na kijana mmoja mkarimu.

"Shikamoo Mwalimu, hili hapa, safi kabisa."

"Marahaba. Lilikuwa na nini?"

"Salfa tu, Mwalimu."

Salfa tu! Ile tunayopulizia mikorosho miezi ya kiangazi kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, ambayo mpulizaji mwenyewe anarudi nyumbani macho mekundu. Umwingize mtoto humo aruke aruke, vumbi limpande usoni? Nililirudisha, na yeye nikampa kazi ya kuchora mistari.

Mita kumi na tano zinatosha. Fanya kwa kupokezana: timu ya watoto sita, gunia moja, anayefika anavua na kumpa mwenzake. Hapo anayesubiri hatazami bure, anapiga kelele, anashika mdomo wa gunia, anamtukana kidogo anayechelewa kuvua. Kuvua ndiko kunakochekesha kuliko mbio zenyewe.

Kukimbiza kuku nimeacha. Najua ndio mchezo unaojaza watu kwenye sherehe za vijijini, na wajomba hunilaumu. Lakini mara ya mwisho kuku alikufa mikononi mwa watoto wawili, kila mmoja na bawa lake, na mshindi hakupatikana mpaka leo. Siku hizi "kuku" ni kijana wa sekondari mwenye mbio. Namfunga kiunoni vipande kumi vya khanga chakavu vikining'inia nyuma kama mikia, namwachia uwanja, kisha nawaachia watoto wote kwa pamoja. Kila mkia utakaouchomoa ni pointi. Hakuna foleni hapo, kuna vumbi tu. Mweke kijana asiye na majivuno, maana ataangushwa.

Kwa mbio za kijiko wengi hutumia yai. Yai lina bei, na likivunjika mama mwenye yai ananuna. Mwaka fulani nilijiona mjanja nikaweka bibo bivu, na korosho yake ikiwa bado imening'inia, kwa sababu uzito uko upande mmoja na linayumba kijikoni vizuri sana. Kweli liliyumba. La tatu lilitua kwenye kanzu nyeupe ya mgeni wetu aliyetoka Lindi kwa heshima zake zote. Doa la bibo halitoki kwa sabuni, halitoki kwa ndimu, halitoki kwa dua. Tumia ndimu zenyewe.

Rede usiwaachie wasichana peke yao. Wawili wanasimama pande mbili, hatua kumi, wanarushiana mpira wa soksi wakimlenga aliye katikati, naye anakwepa huku anajaza chupa mchanga kwa viganja. Chupa ikijaa kabla hajapigwa, ameshinda. Anzisha viwanja vitatu, kimoja kiwe cha akina mama. Nakwambia, kuna bibi mtaani kwetu ana miaka sitini na ushee, anakwepa kwa kiuno tu, miguu haijasogea, mchanga haumwagiki. Vijana wanaacha simu kumwangalia.

Viti vya muziki vina dhambi moja: wa kwanza kutolewa ni mdogo kuliko wote, na ndiye atakayekaa pembeni muda mrefu kuliko wote. Mimi natoa kiti, simtoi mtoto. Muziki ukizimwa lazima wote wapate pa kukaa, kwa hiyo wanapakatana. Vikibaki viti vitatu na watoto kumi na wawili, hutahitaji kumwelekeza mtu acheke. Kagua miguu ya viti kwanza. Benchi la ubao ni salama zaidi kuliko plastiki.

Kuvuta kamba ni dakika kumi tu. Wanane kwa wanane, kitambaa chekundu katikati, na asijifunge mtu kamba mkononi au kiunoni. Changanya wakubwa na wadogo kila upande, usipange mtaa kwa mtaa, labda kama unataka kesi.

Binti yangu alinionyesha kwenye simu sherehe za huko Ulaya na Marekani za majira ya majani kupukutika, ambazo nazo huangukia mwezi huuhuu wa kumi. Wanajaza beseni maji, wanaweka matufaa yaelee, mtu anayang'ata mikono ikiwa nyuma. Niliupenda mchezo, beseni ndilo lililonishinda: mafua ya mmoja ni mafua ya wote. Nimefunga kamba kati ya miembe miwili, nikatundika maandazi kwa uzi, kila mtoto na lake, kimo cha pua yake. Mikono nyuma. Ukipaka asali nyembamba kwenye andazi, linazunguka na kumbandika mashavuni. Lisipakwe mapema, nyuki hawasubiri filimbi.

Wazee wape bao na kivuli, uwaache. Mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, na kila mmoja anaanza na kete ishirini na mbili mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Mchezo mmoja unaweza kumaliza mchana. Usiwafanyie mashindano wala kuwapigia filimbi. Nilijaribu kuwawekea muda mwaka mmoja, nikaambiwa nikawapime muda watoto wa shule.

Zawadi zisiwe pesa. Kalamu, kipande cha sabuni, daftari, kashata za korosho, na kila mtoto apate walau kashata hata kama hakuangusha kitu. Zawadi kubwa nunua kwa michango ya wajomba. Huku kwetu mjomba akiombwa mbele ya wapwa zake hakatai, ila muombe wiki moja kabla, pesa ya korosho ikiwa bado ina joto.

Jua likigusa majabali, napuliza filimbi ndefu. Watoto wanakung'uta magunia, wanayahesabu kwa sauti mpaka nane, kila moja linarudi kwa mwenyewe usiku uleule. Kesho asubuhi yanajazwa korosho.