Mambo ya kupanga kabla ya kuizunguka Tanzania kwa basi ukitokea Nairobi

Mtu wa Nairobi mwenye mfuko mdogo na wiki mbili za likizo nampendekezea mzunguko huu: Arusha kupitia Namanga, kisha Dodoma, kisha Dar es Salaam kwa treni ya SGR, yaani reli ya kisasa (Morogoro ukipenda unashuka na kulala), halafu Tanga kwa basi, na kutoka Tanga unavuka mpaka wa Horohoro kuingia Lunga Lunga upande wa Kenya hadi Mombasa. Hakuna barabara utakayoipita mara mbili. Tena kila kipande kinatosha siku moja, mchana kweupe, na hilo la mchana ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Safari ya bei nafuu hupangwa kwa saa ya kufika. Bei ya tiketi inafuata baadaye.

Anayefika mji asioujua saa nne za usiku hana nguvu ya kupatana. Anapanda bajaji ya kwanza, anapelekwa gesti ambayo dereva anaifahamu, anakula kilichobaki, na asubuhi anakuta zile shilingi alizookoa kwenye nauli zimeisha zote, na nyingine juu. Tanzania kwa miaka mingi ilipiga marufuku mabasi ya abiria kusafiri usiku, na marufuku hayo yakaondolewa 2023. Sasa utaambiwa lala kwenye basi uokoe pesa ya chumba. Mimi sikushauri hivyo katika nchi ya watu. Unakosa kuiona nchi uliyoifuata, na unafika alfajiri ukiwa na usingizi na begi mkononi, kwenye stendi iliyojaa wapiga debe.

Kwa hiyo unapoulizia basi, swali la kwanza liwe linafika saa ngapi. Ulizia pia saa ilivyoandikwa. Tiketi nyingi za Tanzania hufuata saa zetu za Kiswahili, wakati sisi Nairobi tumezoea tiketi za saa za Kizungu. Ukiona 12:00 kwenye karatasi, muulize karani kama ni alfajiri au mchana, na umwombe aandike neno lenyewe pembeni. Anayekuja stendi adhuhuri kwa basi lililoondoka kumi na mbili asubuhi hana wa kumdai.

Sasa karatasi, maana mpakani ndipo saa ya kufika huanza kuharibika. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda tunavuka kwa kitambulisho tu tukitembeleana, lakini Tanzania haimo katika mpango huo. Unahitaji pasipoti, au angalau hati ya muda ya kusafiria. Kama pasipoti huna, ianze kwenye eCitizen mapema sana kabla hujaomba likizo, na usihesabu siku zako hadi uwe nayo mkononi. Kama unayo, angalia imebakiza zaidi ya miezi sita. Viza huhitaji; unagongewa muhuri wa kuingia bila malipo na kuandikiwa muda wa kukaa. Muhuri huo ni wa kutembea, si wa kufanya kazi wala biashara. Yule anayebeba nguo za Gikomba akitumaini kuziuza soko la Kariakoo, Dar, ili zimlipie safari, aziache nyumbani.

Namanga ni mpaka wa kituo kimoja, uliofunguliwa rasmi Desemba 2018. Maofisa wa nchi zote mbili wako katika jengo moja upande wa nchi unayoingia. Gongesha muhuri wa kutoka Kenya kwanza, kisha wa kuingia Tanzania, na usiondoke dirishani hujaiona tarehe. Ukikuta foleni ndefu, mwambie dereva au utingo wa shatoo, lile basi dogo lililokuleta, kwamba ungali ndani, na ukariri namba ya gari.

Kadi ya njano wengi huikumbuka wakiwa tayari kwenye foleni. Kenya imo katika nchi zenye hatari ya homa ya manjano, hivyo Tanzania inaweza kukudai cheti cha chanjo. Sindano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka, kwa sababu cheti huanza kutumika baada ya siku hizo. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka kumi. Usikubali kadi ya kununuliwa bila sindano; ni kosa la jinai, na mbu wa homa ya manjano hasomi kadi.

Lingine la mpakani nalisema kwa uzito wote, hasa kwa jamaa zangu wa Eastleigh na Meru: miraa ni halali kwetu, na Tanzania ni dawa ya kulevya. Kule wanaiita mirungi, na sheria yao inaiweka pamoja na bangi. Hata kifungu kidogo kilichosahaulika mfukoni mwa jaketi kinaweza kukuweka ndani. Pekua begi lako usiku wa kuamkia safari, na usikubali kumbebea mtu mzigo usiojua una nini. Mifuko ya plastiki nayo imepigwa marufuku huko tangu Juni 2019, ila hilo sisi tulilizoea mapema zaidi.

Kuhusu pesa nitakaa kidogo. Kwa miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikizungukia shilingi 20 za Tanzania. Angalia kiwango cha asubuhi hiyo unayosafiri, kiandike, na ufanye hesabu kwenye simu yako mwenyewe, usitegemee kikokotoo cha anayekubadilishia. Namanga wabadilishaji watakufuata hadi dirishani mwa gari. Badilisha kiasi cha kukufikisha Arusha na kulala usiku mmoja tu, hesabu noti kabla hujatoa zako, na zilizobaki zibadilishe benki au kwenye duka la fedha mjini. Noti kubwa kuliko zote Tanzania ni ya 10,000, ambayo kwetu ni kama mia tano. Maana yake pesa ya safari nzima ni burungutu zito, na burungutu huonekana. Ligawe: ya matumizi ya siku mfukoni, ya siku mbili mahali pengine mwilini, na iliyobaki ibaki kwenye simu.

Hapo kwenye simu kuna kazi ya kufanya mapema. M-Pesa yako ya Kenya haitoi pesa kwa wakala wa Tanzania moja kwa moja. Nunua laini ya huko, usajiliwe kwa pasipoti na alama za vidole katika duka la kampuni yenyewe, kisha ujitumie kutoka Kenya kidogo kidogo kupitia huduma ya kutuma nje ya nchi. Jaribu kiasi kidogo siku ya kwanza Arusha, ungali karibu na nyumbani, usingoje hadi uwe Dodoma. Laini ya Nairobi usiitoe kwenye simu, maana ujumbe wa benki na wa M-Pesa huingia humo. Uliza tu gharama za kuitumia nje kabla hujavuka, na uzime data yake. Dola huna haja nazo. Tangu 2025 kanuni za Tanzania zinataka bidhaa na huduma za ndani zilipwe kwa shilingi yao.

Na usiitegemee simu peke yake. Uchaguzi wa Tanzania wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifuatwa na vurugu, intaneti ikazimwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Msafiri aliyekuwa na tiketi, ramani na pesa zote kwenye simu alibaki mikono mitupu. Soma habari za unakokwenda kwa wiki kadhaa kabla, na uandike kwenye karatasi jina la gesti, namba ya ndugu mmoja na ya Ubalozi wa Kenya ulioko Dar es Salaam. Nakala ya pasipoti na ratiba yako muachie mtu Nairobi, mkubaliane siku za kupigiana.

Bajeti yenyewe ipige hivi: hesabu usiku utakaolala nje uzidishe kwa bei ya chumba, ongeza nauli za vipande vyote, ongeza chakula cha mama ntilie mara mbili kwa siku. Nauli za mabasi ya mikoani zina kikomo kinachowekwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Tafuta kikomo hicho, kwani mpiga debe akijua kwamba unakijua huongea lugha nyingine. Kisha tenga akiba isiyoguswa: nauli ya basi la moja kwa moja kutoka Dar hadi Nairobi na usiku miwili ya chumba. Kama akiba hiyo haipo, punguza mji mmoja. Ni heri miji mitatu umeshiba kuliko mitano ukihesabu sarafu.

Msimu nao unakula bajeti. Masika ya Machi hadi Mei huchelewesha mabasi, na vuli ya Oktoba hadi Desemba huwa nyepesi zaidi ila haiaminiki. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yangu. Angalia pia kalenda za watu wa huko. Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na vyumba vya bei ya chini huwa adimu. Desemba Wachaga wanapokwenda Kilimanjaro kwa Krismasi, mabasi ya barabara ya Dar kwenda kaskazini hujaa, na hilo linamgusa hata anayeshukia njia panda ya Segera akielekea Tanga. Ramadhani, Tanga utapata futari tamu sana jioni, lakini mchana usitegemee hoteli kuwa wazi.

Chumba cha usiku wa kwanza katika kila mji kipigie simu kabla hujaondoka mji uliotangulia. Usiku wa pili utautafuta mwenyewe kwa miguu, mchana, na mara nyingi utapata bei nzuri zaidi. Jua pia stendi iko wapi, kwa sababu miji mingi imezihamishia nje. Stendi kuu ya Dodoma iko Nzuguni, mbali na katikati ya mji. Ya Dar ni ya Magufuli, Mbezi Luis, iliyofunguliwa Februari 2021 badala ya Ubungo, na kutoka hapo hadi Kariakoo bajaji itakutoza nauli ya kuuma. Ndiyo sababu napenda uingie Dar kwa treni: stesheni ya SGR iko katikati ya jiji. Treni ya Dodoma ilianza Julai 2024, na nauli ya kawaida wakati huo ilikuwa shilingi 31,000 za Tanzania, takriban 1,550 zetu. Tiketi inataka kitambulisho, na za Ijumaa na Jumapili zikate mapema. Ukitoka Dar kwenda Tanga sasa itabidi uifuate stendi Mbezi. Panda mwendokasi, yale mabasi ya jiji yenye njia yao wenyewe, hadi Kimara ukiwa na mzigo mwepesi, umalizie kwa daladala.

Mzigo wenyewe uwe begi moja unaloweza kulipakata. Plagi zao za pini tatu ni kama zetu. Sweta ni ya Arusha. Dar na Tanga ni joto na jasho. Usipige picha bandari, daraja, kambi wala askari. Na unapouliza njia au bei, salimia kwanza, kwa wazee shikamoo, kisha ngoja uitikiwe. Sisi wa Nairobi hukimbilia swali, na kule swali lisilo na salamu hujibiwa kwa mkato.

Ukiwa Arusha na siku moja ya ziada, Moshi iko kilomita 80 hivi. Mlima Kilimanjaro kuutazama asubuhi hakulipiwi chochote, na bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, hapo hapo mjini litakushindilia hadi jioni.

Kurudi kwako kupitia Horohoro kupange kama ulivyopanga kwenda. Ondoka Tanga asubuhi na mapema, kwa sababu baada ya Lunga Lunga bado kuna takriban kilomita mia moja za matatu na kivuko cha Likoni. Shilingi za Tanzania zimalize au uzibadilishe kabla ya kuvuka. Nairobi utapewa bei mbaya. Tiketi ya Madaraka Express, treni ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, ikate kabla hujaondoka Dar, maana behewa la bei ya chini huwahi kujaa.

Nimeiacha malaria hadi hapa kwa sababu huendelea na safari hata ukisharudi. Nairobi maambukizi ni machache sana, na miili yetu haina kinga. Dar, Morogoro, Tanga na hata Mombasa mambo ni tofauti. Muone mfamasia au daktari wiki kadhaa kabla, mzungumze kuhusu dawa za kinga, na ubebe mafuta ya kufukuza mbu pamoja na chandarua chepesi, kwani cha gesti mara nyingi kina matundu. Ukishikwa na homa hata mwezi mmoja baada ya kurudi, nenda upimwe siku hiyo hiyo, na jambo la kwanza umwambie daktari ni kwamba ulikuwa pwani.