Namna ya kuchagua injini ya V8 ya kujenga kwa gari la Kimarekani la miaka ya 1960 na 1970

Mwenye Camaro, Mustang, Charger au GTO anayeanza kwa kusema "nataka nguvu farasi 500" ameshika mkia badala ya kichwa. Injini ya ujazo mdogo inayotoa nguvu hiyo hulazimika kuzunguka sana, na barabarani utaifikia mizunguko hiyo mara chache mno. Kinacholiondoa gari zito linaposimama ni toki, yaani nguvu ya kuzungusha, kati ya mizunguko 1,500 na 4,500 kwa dakika. Toki hiyo huletwa na ujazo zaidi kuliko kemshafti kali, yaani shafti inayofungua valvu. Kwa hiyo ushauri wetu ni mmoja: chukua ujazo mkubwa kadiri gari linavyoruhusu bila kukatwa, kisha uujenge kwa vipuri vya kiasi.

Takwimu za zamani nazo zisomwe pamoja na mwaka wake. Hadi 1971 viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu ghafi, injini ikipimwa peke yake bila silensa wala vifaa vya mikanda. Kuanzia magari ya 1972 vikatangaza nguvu halisi. Injini ya LT-1 ya Chevrolet ya 1971 ilipewa namba zote mbili, 330 ghafi na 275 halisi, na chuma ni kilekile.

Anza na gari

Fungua boneti upime. Mustang ya 1965 na 1966 ina minara ya shokomzoba inayobana pande zote mbili. Injini ya 289 au 302 (namba hizi za injini ni ujazo wake kwa inchi za ujazo) hukaa humo vizuri. Ile ya 351 Windsor huingia, lakini bloku yake ni ndefu zaidi: kutoka katikati ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) hadi uso inapokaa hedi ni inchi 9.5 hivi, dhidi ya 8.2 za 302. Kwa kuwa V ina nyuzi 90, urefu huo huwa pia upana, na ekzosi za 302 hazitafaa. Injini ya 429 au 460 haiingii bila kukata minara. Bodi ilipanuliwa kwa magari ya 1967, ndipo kiwanda kikaweka 390.

Wenye Chevrolet wana nafuu kubwa, maana injini ndogo na kubwa za kampuni hiyo hutumia mpangilio mmoja wa boliti za giaboksi. Ukitoa 350 na kuweka 454, giaboksi itashika, ingawa swali la kama itastahimili linabaki. Kwa Chrysler sivyo: 318, 340 na 360 ni familia moja, na 383, 400 na 440 ni nyingine yenye mpangilio wake wa boliti, hivyo giaboksi ya 318 haifungiki kwenye 440. Pontiac walitengeneza 326, 389, 400 na 455 zikiwa na umbo la nje linalolingana, kwa hiyo GTO yenye 400 iliyokufa inaweza kupokea 455. Hakikisha tu matundu ya maunti kwenye bloku yanafanana na ya gari lako, kwa sababu hayakuwa sawa miaka yote.

Uzito pia una neno lake. Injini ndogo ya Chevrolet ya chuma ina kilo 260 hivi, kubwa inakaribia 310, na nyongeza yote hukaa juu ya magurudumu ya mbele. Panga springi, breki na rejeta pamoja na injini, si baadaye.

Halafu hesabu mizunguko. Zidisha kasi kwa kilomita kwa saa kwa uwiano wa difu, zidisha kwa 5.3, kisha gawanya kwa kipenyo cha tairi kwa mita. Difu ya 3.73 na tairi ya mita 0.66, kwa kilomita 100 kwa saa, hutoa mizunguko karibu 3,000. Difu ya 2.73 hutoa 2,200 hivi. Ukiwa na gia ya juu yenye uwiano wa 0.70, ile 3.73 hushuka hadi 2,100. Namba hii ndiyo itakayochagua kemshafti. Injini inayoamka kwenye 3,000 ikifungwa kwenye gari lenye difu ya 2.73 itakuwa nzito daima, hata ikiwa imejengwa kwa ustadi wote.

Kabla ya kugusa injini iliyomo

Kuanzia magari ya 1968, sehemu ya namba ya gari hupatikana imegongwa kwenye bloku. Kwa Chevrolet iko kwenye kijiuso kilicho mbele ya hedi ya kulia. Kama inalingana na ya gari, hiyo ndiyo injini yake ya asili: funga bloku hiyo, ipake mafuta, iweke pembeni, na ujenge nyingine. Hata kama nia ni kuijenga hiyohiyo, mwambie fundi mapema, kwa sababu kusawazisha uso wa juu wa bloku hufuta namba hizo na hazirudi.

Familia za injini

Chevrolet 350 ndiyo rahisi kuliko zote kwa spea. Kipenyo cha silinda ni inchi 4.000 na mwendo wa pistoni 3.48. Kuna mpaka wa kukumbuka: hadi 1985 sili ya nyuma ya krenki ilikuwa vipande viwili, na kuanzia 1986 kipande kimoja. Krenki na flaiwili za pande hizo mbili hazichanganyiki hivihivi. Bloku nyingi za 1987 na baadaye zina nafasi ya tapeti za rola (tapeti ni vipande vinavyosukumwa na kemshafti ili kufungua valvu), na hilo peke yake linatosha kuzifanya zitafutwe kwanza. Jihadhari usiuziwe 305 kwa jina la 350. Kwa nje zinafanana, lakini silinda ya 305 ina kipenyo cha inchi 3.736 na haina nafasi ya valvu kubwa. Pima kwa kifaa.

Watu huhangaika sana na kepu za beringi zenye boliti nne. Kwa injini ya barabarani ya chini ya nguvu farasi 450, kepu za boliti mbili zenye boliti mpya nzuri zinatosha. Bloku yenye namba ya kalibu (iliyotoka nayo kiwandani ikimiminwa) 3970010 inaweza kuwa ya aina yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo toa sampu utazame.

Tungejenga 350 kuwa 383 bila kusita. Silinda huchongwa kwa inchi 0.030 na kuwekewa krenki ya mwendo wa inchi 3.75. Kazi ya ziada ni ndogo lakini ni ya lazima: sehemu ya chini ya bloku inapokaa sampu husagwa kidogo ili boliti za konirodi zipite, na kati ya boliti hizo na kemshafti pawe na angalau inchi 0.050. Zungusha krenki kwa mkono mzunguko kamili ukiwa na konirodi zote nane kabla bloku haijaoshwa mara ya mwisho, usije ukasaga chuma juu ya beringi mpya.

Chevrolet 400 inavutia kwa ujazo, ila silinda zake zimeungana na maji hayapiti kati yake. Ukiifungia hedi za 350 lazima utoboe matundu ya mvuke kufuata gasketi ya 400. Bila hayo mvuke hunaswa na injini huchemka. Kuta zake pia hazipendi kuchongwa sana.

Kwa Ford, 302 ni nyepesi na fupi, na bloku za Mustang za 1985 na kuendelea zina tapeti za rola. Udhaifu wake unajulikana: bloku ya kiwandani ikisukumwa kufikia nguvu farasi 500 huweza kupasuka katikati, kuanzia kwenye beringi kuu hadi bondeni, kati ya safu mbili za silinda. Anayetaka kufika huko achukue 351 Windsor. Usawazishaji wa krenki nao umewatesa wengi. Injini za 302 za zamani zilitumia balansa na flaiwili zilizosawazishwa kwa uzito wa nje wa aunsi-inchi 28, na za miaka ya 1980 zikahamia aunsi-inchi 50. Ukichanganya, injini itatetemeka hadi iharibu beringi. Mpangilio wa silinda kuwaka nao hutegemea kemshafti: 302 ya zamani ni 1-5-4-2-6-3-7-8, na 351 ni 1-3-7-2-6-5-4-8. Soma kadi ya kemshafti kabla ya kupanga waya za plagi. Ile 351 Cleveland ina hedi zinazopumua vizuri sana, lakini manifoldi ya Windsor haiifai, na spea zake ni chache zaidi.

Kwa Chrysler, 318 ni imara ila kipenyo chake cha inchi 3.91 na pistoni zilizokaa chini huifanya ianze nyuma. Ile 360 ina kipenyo cha inchi 4.00 kwa mwendo wa 3.58, na kwa kazi ileile itakupa zaidi. Kumbuka tu kwamba 360 husawazishwa kwa uzito wa nje, hivyo konveta ya giaboksi ya otomatiki ya 318 haiwekwi vilevile ilivyo. Panapokuwa na nafasi, 440 haina mpinzani kwa toki tulivu: inchi 4.32 kwa 3.75, na haihitaji kufanywa kali.

Injini za LS, yaani familia mpya zaidi ya V8 kutoka malori madogo ya Chevrolet na GMC ya 1999 na kuendelea, hasa za lita 5.3 na 6.0 za chuma, ni chaguo la haki kwa anayetaka gari la kila siku. Usihesabu injini peke yake, lakini. Zinahitaji sampu nyingine ili zisigonge fremu, vibao vya maunti, kompyuta na waya zake, na pampu ya petroli yenye shinikizo la psi 58. Gurudumu la sensa kwenye krenki lina meno 24 au 58, na kompyuta lazima ilingane nalo. Zile zenye mfumo wa kuzima silinda nne hujulikana kwa kuharibika tapeti. Ukiijenga, badilisha kemshafti na tapeti zote, funika mfumo huo, na uuondoe kwenye kompyuta pia.

Bloku ipimwe kabla hujanunua pistoni

Hili ndilo kosa ghali kuliko yote. Pistoni za ovasaizi ya 0.030 hununuliwa, halafu bloku inakutwa na mchubuko unaotaka 0.040. Peleka bloku ioshwe, ipimwe nyufa kwa sumaku, na unene wa kuta upimwe kwa mawimbi ya sauti. Angalia ubavuni na bondeni chini ya manifoldi, ambako maji yaliyoganda hupasua chuma. Kama kepu za beringi si za bloku hiyo, mstari wa krenki uchongwe upya, la sivyo krenki itakaza kwenye beringi moja na kulegea kwenye nyingine. Chonga silinda kwa kiasi kidogo kinachoondoa uchakavu. Inchi 0.030 ni ya kawaida, 0.060 iruhusiwe na vipimo vya ukuta tu, kwa sababu ukuta mwembamba hujikunja, ringi hupoteza muhuri na joto hupanda. Omba silinda zisuguliwe huku bamba zito limefungwa mahali pa hedi, kwani boliti za hedi hubadilisha umbo la silinda.

Hedi na mgandamizo

Pesa ikibaki kidogo, ipeleke kwenye hedi. Kisha fanya hesabu ya mgandamizo mwenyewe. Silinda moja ya 350 ina sentimita za ujazo 717. Chukua hedi yenye chumba cha 64, gasketi 9, pistoni iliyokaa chini kwa inchi 0.025 ambayo ni 5, na mikato ya valvu 6: jumla 84. Jumlisha 717 na 84, gawanya kwa 84, unapata 9.5. Badilisha hedi tu, uweke ya chumba cha 76, na uwiano hushuka hadi 8.5. Kwa petroli ya kawaida ya pampu, hedi za chuma zikae kati ya 9 na 9.5, za alumini zinaweza kufika 10 hadi 10.5 kwa sababu hutoa joto upesi. Pengo kati ya pistoni na hedi, gasketi ikiwemo, liwe karibu inchi 0.040. Likiwa pana zaidi, mchanganyiko hauchanganyiki vizuri na injini hugonga hata uwiano ukiwa wa chini.

Hedi za zamani zilitegemea risasi iliyokuwa kwenye petroli kulinda viti vya valvu za ekzosi. Weka viti vigumu, hasa kama gari litavuta mzigo au kwenda safari ndefu.

Hedi za Vortec za Chevrolet za 1996 na baadaye ni nzuri kwa bei yake, lakini zinataka manifoldi yake, na kikofia cha springi hugonga gaidi ya valvu mwinuko wa valvu ukizidi inchi 0.470 hivi.

Kemshafti mwisho

Linganisha muda wa valvu kukaa wazi, unaohesabiwa kwa nyuzi za mzunguko wa krenki tapeti ikiwa imeinuka inchi 0.050. Kwa 350 yenye giaboksi ya otomatiki, nyuzi 210 hadi 225 zinatosha. 383 hubeba 230, na 440 au 455 huiona 230 kuwa tulivu. Ukipita hapo, ombwe kwenye manifoldi hushuka na breki zenye buster huwa ngumu. Unapositasita kati ya kemshafti mbili, chukua ndogo.

Tapeti bapa zinataka oili yenye zinki na uangalifu siku ya kwanza. Paka losheni ya kuunganishia kwenye kemu, yaani vichomozo vya kemshafti, na chini ya tapeti, jaza oili kwenye mifereji kwa kuzungusha pampu kwa drili, na hakikisha mafuta yapo kwenye kabureta na taiming iko sawa ili injini iwake papo hapo. Ikiwaka, ipandishe moja kwa moja kati ya mizunguko 2,000 na 2,500, ukiibadilishabadilisha, kwa dakika 20 hadi 30. Usiiache izunguke polepole bila kukanyaga mafuta: kemu hulowa kwa oili inayorushwa na krenki, na kwenye mizunguko midogo oili hiyo ni haba, kemu hulika. Kisha zima, mwaga oili, kata filta na ukunjue karatasi yake. Vumbi la kijivu ni la kawaida; chembe zinazong'aa au zinazoshikwa na sumaku kwa wingi zinamaanisha manifoldi itoke ukague kila tapeti kabla ya kuwasha tena.