Mzee anaamua mambo ya nyumba peke yake? Mwingie hivi

Jumamosi moja narudi zangu kutoka Kariakoo, nashuka daladala pale Tabata, nafika getini nakuta godoro la inchi sita limesimamishwa ukutani na kijana simjui ananiambia shikamoo dada. Nikajua kuna msiba. Kumbe ni mpangaji bwana. Mzee kakipangisha chumba cha uani, elfu 70 kwa mwezi, kachukua ya miezi 6 kwa mkupuo, na mama anayekaanga maandazi na kuweka unga na mafuta humo humo kapata taarifa muda mmoja na mimi, yani amesimama na ndoo mkononi haelewi unga aupeleke wapi.

Siku ile nilikosea kila kitu kwahiyo naandika ili wewe usikosee.

Kosa la kwanza nilimvaa palepale, mbele ya mpangaji na mbele ya yule dalali aliyekuwa anasubiri chake. Nikasema baba kwanini hukutuambia. Akanijibu lile jibu unalolijua, "hii nyumba kajenga nani?" Na wazazi wetu hawa wakishafika kwenye nani kajenga hakuna tena maongezi, hapo hata uwe na hoja ya dhahabu utaonekana unamvunjia heshima. Kwahiyo siku ya tukio nyamaza. Msaidie mgeni kuingiza godoro, msaidie mama kuhamisha unga, lala.

Kesho yake tafuta jibu la swali moja tu: hela imeshatoka au bado? Maana kama imeshapokelewa na imeshaliwa (ya kwetu ilikuwa imeshalipa deni la hadwea, mabati) basi unachogombania sio hilo tena, ni lijalo. Watu wengi wanapotezea nguvu hapa, wanataka mzee arudishe hela ambayo hana, mzee anaona aibu, aibu inageuka ukali, nyumba inanuniana mwezi mzima. Kama bado haijatoka hapo kimbia, kuna cha kuokoa.

Halafu muda wa kuongea. Sio akiwa anaangalia taarifa ya habari saa 2 usiku, sio akiwa na njaa, na usimwite "baba njoo tukae tuna mazungumzo" maana atakuja kajiandaa kama anaenda kesini. Wa kwetu anaongea vizuri akiwa na kazi mkononi. Jumapili asubuhi anafungua feni anaifuta vumbi, mimi nakaa pembeni namshikia bisibisi, na hapo ndo unaweza kumwambia lolote kwasababu hamtazamani usoni. Wa kwako labda ni kwenye gari, labda akitoka kuswali Ijumaa akiwa ametulia, mchunguze.

Maneno yenyewe sasa. Usianze na kwanini, anza na shida yake yeye. Mimi nilisema hivi, "Baba samahani, nilikuwa nataka kukuuliza, huyu kijana umeme tutagawanaje?" Akakaa kimya. Kwasababu hilo hakulifikiria! Sisi tulikuwa kwenye ile tarifu ya chini ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, mama anaibana LUKU mpaka friji inazimwa usiku, afu kaja mtu na pasi, sabufa na jiko la koili, mita ni moja. Nikampigia hesabu kwenye karatasi, ukizidisha uniti wanakutoa huko wanakupandisha juu na kila uniti inakuwa bei nyingine, na kukurudisha chini sio kesho. Weka na maji, weka na choo kujaa mapema na gari la kunyonya ulijue bei yake. Ile elfu 70 ikaanza kukonda machoni pake mwenyewe. Sikumwambia umekosea hata mara moja. Alisema yeye, "ningejua ningemwambia afunge mita yake." Basi, hapo ndo mlango, nikasema ndo maana baba tunaomba uwe unatuambia mapema tukusaidie hesabu.

Na ukiomba omba kitu kidogo kinachoshikika. Ukisema "tuwe tunashirikishana" ataitikia ndio ndio na kesho anafanya yaleyale. Sisi tuliomba mawili: chochote kinachozidi laki 2, na mtu yeyote anayekuja kulala kwenye ile nyumba awe mpangaji awe mtoto wa binamu yake kutoka kijijini, tuambiwe wiki moja kabla. Sio tumpe ruhusa, TUAMBIWE. Hilo neno lina uzito sana kwake, ukisema ruhusa umeharibu. Na msitegemee grupu la familia la WhatsApp, mzee wetu humo anatuma salamu za asubuhi zenye maua na vois ya dakika 4 kuhusu kisukari, mambo ya hela hayagusi.

Akigoma kabisa nenda kwa mtu anayemsikiliza. Kwetu ni shangazi wa Mbagala, dada yake mkubwa, akiongea mzee anakuwa mtoto. Ila usiende kushtaki, nenda kuomba ushauri, "shangazi shikamoo, hili nalifanyaje", yeye atajua namna ya kuliingiza bila kusema limetoka kwako. Mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wasijue, kwa chumba cha uani unamdhalilisha mzazi bure.

Na tusiwasingizie kina baba tu. Mama zetu nao wanaamua kimyakimya, unashangaa vijana wamekuja kubeba friji kumbe liliwekwa dhamana mkopo wa kausha damu (ile mikopo ya mtaani yenye riba kali) toka mwezi wa 3. Dawa ya mama ni tofauti kidogo, yeye anaficha kwasababu anaogopa mzee, kwahiyo muulize mkiwa wawili jikoni na umwambie mapema kwamba kwa baba halifiki.

Sasa yakiwa makubwa, yani kiwanja au nyumba yenyewe inataka kuuzwa, hapo bisibisi na feni haitoshi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kifungu cha 59 inasema mume au mke haruhusiwi kuuza, kugawa, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzie (ndio hata kupangisha limo, ila usimpeleke mzee mahakamani kwa ajili ya godoro la inchi sita). Mwenye haki hapo ni mama. Wewe mtoto mzazi akiwa hai huna chako, nakwambia mapema usije ukajiaibisha. Nyumba ikiwa na hati, mama anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Na huku kwetu uswahilini ambako hati hamna na mauziano yanaandikiwa serikali ya mtaa, mama awahi kwa mwenyekiti kabla ya mnunuzi hajafika, aseme mimi ni mke na sijaridhia. Akienda baada ya hela kuhesabiwa ndo mnaanza kesi za miaka.

Kwetu yule kijana bado yupo, mstaarabu tu, kafunga na submita, unga wa mama uko nyuma ya kochi sebuleni. Mwezi uliopita mzee katuita mwenyewe baada ya chai, "kuna mtu anataka tumjengee fremu hapo mbele, mnasemaje?" Tukatazamana na mama hatuamini, tukachangia, mama akasema fremu itaziba upepo wa dirishani kwake, mzee anatikisa kichwa anasikiliza. Kumbe kianzio elfu 50 kashapokea, kiko mfuko wa shati. Kakitoa mwenyewe kaweka mezani, jioni nikampelekea mwenye nacho.