Kukagua Kinywa cha Farasi, Punda, Ng'ombe na Mbuzi

Mnyama anayeumwa jino haachi kula ghafla. Kwanza huchagua: anaacha majani makavu na kutafuta laini, anatafuna upande mmoja, anainamisha kichwa pembeni. Ndiyo maana ukaguzi huanzia kwenye hori, na mdomo hufunguliwa mwisho.

Angalia chini ya hori. Farasi au punda mwenye magego mabovu hudondosha vibonge vya majani vilivyotafunwa nusu na kulowa mate. Pasua kinyesi chake. Ukikuta nyuzi ndefu za nyasi au nafaka nzima, hasagi vizuri. Kwa ng'ombe, tazama anavyocheua. Akisita katikati au akiangusha tonge, kuna kinachomuuma.

Usipotakiwa kutia mkono

Mnyama anayechuruzika mate na kushindwa kumeza, hasa kama tabia au sauti yake imebadilika, mchukulie kuwa ana kichaa cha mbwa mpaka daktari wa mifugo aseme vinginevyo. Kosa la kawaida ni kudhani amekwamwa na kitu kooni, mtu akaingiza mkono mtupu ili akitoe.

Ng'ombe, mbuzi au kondoo mwenye malengelenge kwenye ulimi na ufizi, huku akichechemea, huenda ana ugonjwa wa miguu na midomo. Mtenge, zuia mifugo isitoke wala kuingia, na toa taarifa kwa ofisi ya mifugo siku hiyohiyo. Farasi na punda hawaupati ugonjwa huu. Vidonda vyenye magamba kwenye midomo ya mbuzi na kondoo navyo vinahitaji glovu, kwani virusi vyake huambukiza mikono ya binadamu.

Farasi na punda

Meno yao huendelea kujitokeza milimita 2 hadi 3 kila mwaka, na kusaga majani ndiko kunakoyapunguza. Taya la juu ni pana kuliko la chini, kwa hiyo pembezoni hubaki sehemu isiyosagika. Hapo ndipo kingo kali huota: juu zinaelekea shavuni, chini zinaelekea ulimini. Anayelishwa nafaka nyingi na majani machache hutafuna kwa mzunguko mfupi, na kingo zake hukua haraka zaidi.

1. Simama ubavuni mwa kichwa, kamwe usisimame mbele. Nusa pua zote mbili. Usaha wenye harufu mbaya unaotoka tundu moja tu mara nyingi hutokana na mzizi wa gego la juu uliooza, kwa sababu mizizi ya magego ya nyuma inapakana na mashimo ya hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso.
2. Kwa vidole, sukuma shavu kutoka nje lielekee magego ya juu, ukianzia karibu na pembe ya mdomo kurudi nyuma chini ya mfupa unaotokeza usoni. Akirusha kichwa, kingo zinamchoma.
3. Suuza mdomo kwa maji ya uvuguvugu, ukitumia sirinji ya mililita 60 isiyo na sindano, mpaka maji yatoke safi. Bila hivyo utaona majani tu.
4. Ingiza kidole gumba kwenye pengo lisilo na meno, mahali lijamu inapokaa, ubonyeze kaakaa. Mdomo ukifunguka, mulika kwa tochi. Ulimi ushike kwa upole. Kuuvuta kwa nguvu huumiza misuli na mifupa inayoushikilia.

Tafuta vidonda vya shavu na ulimi, na majani yaliyosongamana kati ya meno. Magego ya mwisho huwezi kuyaona kwa njia hii. Yanahitaji chombo cha kupanulia mdomo na dawa ya kutuliza, kwa hiyo hiyo ni kazi ya daktari. Kupiga tupa meno ili kuondoa kingo kali vilevile si kazi ya fundi wa kwato: jino likipunguzwa kupita kiasi, kiini chake hufichuka na kuoza, na uso wa jino uliolainishwa sana hausagi chochote. Ukaguzi wa daktari mara moja kwa mwaka unatosha kwa mnyama aliyekomaa. Kati ya miaka 2 na 5, meno ya utoto yanapong'oka, na tena uzeeni, kila miezi 6 ni bora.

Punda huficha maumivu kuliko farasi. Akikataa chakula, usingoje: mafuta ya mwili huingia kwenye damu kwa wingi na ini huharibika.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo

Hawa hawana meno ya mbele juu. Wana ufizi mgumu tu, na meno 8 ya mbele chini. Usiwachanganye na wenye mapengo. Papasa taya kwa nje kwa mikono miwili, upande na upande, ukilinganisha. Kamwe usipeleke kidole kati ya magego.

Uvimbe mgumu usiosogea kwenye mfupa wa taya mara nyingi ni maambukizi ya bakteria yaliyoingia kupitia jeraha. Dawa huweza kuyasimamisha, lakini mfupa haurudi ulivyokuwa. Ulimi uliovimba na kukakamaa kama ubao ni ugonjwa mwingine, na huu hupona vizuri ukiwahiwa: daktari huchoma sodiamu iodidi kwenye mshipa, pengine pamoja na antibayotiki. Uvimbe laini chini ya taya, unaobonyea na kupungua asubuhi, mara nyingi si wa meno kabisa; shuku minyoo.

Kondoo aliyepoteza meno ya mbele anaishi vizuri akikatiwa majani. Magego yakiharibika, majani ya kukatwa hayamsaidii sana.

Kumlisha farasi asiye na magego mazuri

Loweka vidonge vya majani (majani makavu yaliyosagwa na kushindiliwa) katika maji mara mbili ya ujazo wake hadi vivunjike vyenyewe. Vikiwa vikavu humkaba. Farasi wa kilo 400 anahitaji kilo 6 hadi 8 kwa siku, zikipimwa kabla ya kulowekwa, katika milo 4 au zaidi. Badilisha chakula taratibu kwa siku 7 hadi 10, na mwaga mabaki ya mlo kabla hayajachacha.