Namna ya kuzoea Polandi na batu yake ukiwa hapa Goma

Batu banaanziaka ku Lewandowski, muchezaji wao, na mupira, sawa, lakini minaona anzia ku salamu: mutu mukubwa hapana mwita jina hivi hivi, baba ni Pan, mama ni Pani, mpaka yeye mwenyewe akupe ruhusa. Bakikualika nyumbani fika saa yenyewe (ile ya kusema niko njiani, ku Birere, kumbe ungali unaoga, kule hapana), vua viatu ku mulango, na ukipeleka maua hesabu, tatu ao tano, juu mbili ao ine ni za matanga. Krizantemu acha kabisa, hizo ni za makaburi, tarehe 1 Novemba banajaza mishumaa kule mpaka usiku kunaangaa.

Noeli banakula 24 Desemba magaribi, nyota ya kwanza ikionekana, desturi ni vyakula 12 bila nyama, samaki iko, na kiti moja inabakia wazi ya mugeni.

Historia uliza bila woga: 1795 mpaka 1918 inchi yao haikukuwa ku ramani, Urusi, Prussia (ufalme wa Bajerumani) na Austria zilikuwa zimeigawana. Hapo utasikiliza sana ku simu, kwa hiyo mega za internet zikuwe za kutosha.